Naomba ushauri: amplifaya ya hedifoni inaunguruma nikitumia adapta

Habari zenu wakuu. Nimeunda amplifaya ya hedifoni ya muundo wa CMoy (saketi ndogo maarufu ya kujiundia nyumbani) ndani ya kopo la bati la peremende. IC (chipu inayokuza sauti) ni OPA2134, na resista mbili za 4.7k ndizo zinazogawa volti 9 katikati. Kwa betri inaimba vizuri mno, gitaa la besi nalisikia uzi kwa uzi.

Tabu inaanza nikichomeka adapta: muungurumo mzito masikio yote mawili. Nikigusa kwa kidole kasha la chuma la voliumu, unapungua karibu wote. Nikiachia, unarudi palepale. Je, nilehemu waya kutoka kwenye kasha hilo hadi erthi? Na erthi ipi, ile ya kati yenye volti 4.5 au hasi ya adapta? Naogopa kuunguza IC, ninayo moja tu.

Pia sauti ikiwa chini, sikio la kulia linazidi. Hedifoni ni ohm 32, ukuzaji wa sauti ni mara 11 (unapangwa na resista za 10k na 1k). Nikiweka 4.7k badala ya 1k ukuzaji utashuka hadi kama mara 3, nami nitaweza kufungua voliumu zaidi. Yupo aliyejaribu? Nasikiliza kila usiku, na betri zinanimalizia hela.