Ritifaa ya ng': tuandike iliyonyooka au iliyopinda?

Mleta mada: Wakuu, ritifaa (kile kialama cha juu) ya kwenye ng'ombe ina sura mbili, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Iliyonyooka ni U+0027 (namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta), imo kwenye ASCII, jedwali la zamani la herufi za msingi. Iliyopinda ni U+2019, ambayo Word na iPhone huiweka zenyewe bila kukuuliza. Msimamo wangu: kwenye vikundi, SMS na orodha za majina tutumie iliyonyooka tu.

Sababu ni hesabu. SMS moja ina baiti 140. Herufi zote zikiwa ndani ya jedwali la GSM la biti 7, yaani orodha ya herufi za kawaida za SMS, zinaingia 160. Iliyopinda haimo humo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia UCS-2, mfumo wa biti 16 kwa herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Tangazo la josho lenye herufi 150, ambalo lingekuwa SMS moja, linakuwa tatu. Kwa wafugaji 1,000, kikundi kinalipia SMS 3,000.

Mhariri: Kwa SMS sikupingi, mkuu. Ila usiifanye sheria ya maandishi yote. Unicode yenyewe inapendekeza U+2019 kwa ritifaa, na kitabu chenye iliyonyooka kinaonekana kama kimepigwa taipureta. Mtambo wa kutuma SMS ndio uinyooshe.

Mwalimu wa isimu: Nyote mnaichukua kama alama ya uakifishi. Ng' ni konsonanti moja. Ngoa ni wivu, ng'oa ni kutoa na mizizi yake. Ipo U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi. Hiyo ndiyo haki yake.

Mtunza hifadhidata: Mwalimu, hoja ni nzuri, lakini kibodi ya kawaida haina U+02BC, na GSM haina pia. Ukiongeza sura ya tatu unaongeza tatizo la tatu. Mtu akitafuta Chang'ombe kwa iliyonyooka, kwenye mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi, rekodi zilizopinda hazitoki. Ukihesabu kwa kaunti, Murang'a zinakuwa mbili. Msitegemee NFC wala NFKC, zile kanuni za Unicode za kusawazisha herufi, hazizigusi hizi. Andikeni kanuni wenyewe: U+2018 (iliyopinda ya kufungulia nukuu), U+2019, U+02BC na U+0060 (ile iliyoinama, `) zinazosimama baada ya ng zigeuzwe U+0027 data inapoingia.

Na tukemee fomu zinazokataa ritifaa. Katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, iliyonyooka hufunga maandishi. Programu ikiyabandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri, Murang'a inaikata amri katikati, na mdukuzi anapita hapohapo. Dawa ni kupitisha maneno hayo kama vigezo, nje ya amri. Kumlazimisha mtu aandike Muranga ni kumkosea.

Msimamizi wa kikundi: Naongeza adabu. Mtu akileta faili lenye ngâ€™ombe, msimcheke kwamba hajui kuandika. Kaandika sawa. U+2019 katika UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode kama baiti, ni baiti tatu, E2 80 99. Programu ikizisoma kama Windows-1252, jedwali la zamani la baiti moja kwa herufi, inatoa herufi tatu: â, €, ™. Kosa liko upande wa kusoma. Mwelekezeni: faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) lifunguliwe kwa kuchagua UTF-8, LibreOffice huuliza wakati wa kufungua. Ukihifadhi kwa Excel, chagua CSV UTF-8. Na usihifadhi upya faili lililokwisha haribika, maana baiti tatu zile zitaandikwa kama herufi tatu za kweli, na kurekebisha kunakuwa kazi mara mbili.

Mleta mada: Mhariri, tangazo huandikwa Word, likanakiliwa WhatsApp, likaishia SMS. Si kila mtambo unanyoosha. Kwa hiyo azime mwandishi mwenyewe: iPhone ni Settings, General, Keyboard, Smart Punctuation. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+Z mara tu inapopinda.

Mhariri: Kwa tangazo, sawa. Kitabu sikinyooshi.