Kijana wetu anataka uzimamoto wa jeshi la Marekani, mwenye uzoefu anisaidie

Mama Tumpe, Dallas

Mwagonile, ndugu zangu wa Nyanda za Juu.

Mtoto wa dada yangu wa Uyole, yule aliyekuja kwa bahati nasibu ya grinkadi, katimiza miaka 20. Juzi kapita ofisi ya kuandikisha askari, karudi na makaratasi na macho yanang'aa: eti anakuwa zimamoto wa Jeshi la Anga. Dada kule nyumbani kusikia "jeshi" na "zimamoto", kajua ni kama wale wa 114, kaanza kutangaza kanisani. Nimeshindwa kumweleza tofauti. Kazi yenyewe ikoje?

Baba Ambakisye, San Antonio

Dada, magwanda hayo nimeyavaa miaka 6, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwetu Zimamoto na Uokoaji ni jeshi, lakini liko chini ya Mambo ya Ndani na kazi yake ni kwa raia: soko likiwaka kama Mwanjelwa ile ya 2006, au lori la mafuta likilala Mlima Nyoka na watu wakakimbilia na madumu. Huku zimamoto wa mjini huwa mwajiriwa wa mji au wilaya. Huyu wa Jeshi la Anga ni askari kamili. Kaapa, ana cheo, anahamishiwa watakako wao, hata ng'ambo, na kikubwa anacholinda ni ndege na kambi.

Ataanza na uaskari hapa Lackland, wiki 7 na nusu. Kisha chuo cha zimamoto kambi ya Goodfellow, San Angelo, kama miezi 3. Pale ndipo atakapomkumbuka mama yake. Joto la Texas, koti zito, mtungi wa hewa mgongoni, unatambaa kwenye jengo lililojaa moshi, mkono haubanduki kwenye mpira wa maji, maana mpira ndio unaokuonyesha ulikotokea. Mimi mtoto wa Tukuyu, niliyelelewa na ukungu na sweta, wiki ya kwanza niliwaza kutoroka. Ila akimaliza anapata vyeti ambavyo hata vituo vingi vya kiraia vinavitambua. Kwangu hilo ndilo jambo bora la kazi hii.

Sasa kituoni. Moto wenyewe atauona mara chache. Zamu ni saa 24, mnalala palepale. Asubuhi mnakagua mitungi, pampu na magari, kisha mnaosha gari ambalo jana liliosheka vilevile. Kengele inalia: rubani karipoti hitilafu, au breki za ndege zimechemka. Mnaruka ndani ya mabuti, mnapanga magari kando ya njia ya kurukia, injini zinanguruma, kila mtu kakodolea angani. Ndege inatua salama. Mnarudi, wali umeshapoa. Kijana anayependa vishindo hapo huchoka.

Lakini siku ya siku ikifika, hakuna nafasi ya kufikiri. Kiti cha rubani wa ndege ya kivita kina baruti ya kumrusha nje. Ukimvuta rubani kabla ya kukifunga kiti kwa pini ya usalama, kinaweza kulipuka na wewe umekiinamia. Mwalimu wetu alitufanyisha zoezi la pini tukiwa tumefungwa macho, mpaka vidole vikajua njia vyenyewe.

Mshahara unafuata cheo. Zimamoto na karani wa cheo kimoja na miaka sawa kazini, mshahara wao wa msingi ni mmoja, na ovataimu hakuna. Matibabu ni bure, na akimaliza muda wake vizuri anaweza kusomeshwa hadi miezi 36.

Mawili ya kushika. Kwanza mkataba. Mimi niliahidiwa uzimamoto kwa mdomo, karatasi ikaandika kundi la kazi tu. Nilikaribia kuishia ghalani. Jina la kazi lisomeke kwenye mkataba kabla hajatia saini. Na atakapoambiwa miaka 4 au 6, ajue wajibu wote kisheria ni miaka 8, inayobaki anahesabiwa askari wa akiba.

Pili, afya. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Enzi zetu koti lenye masizi lilikuwa sifa. Upuuzi mtupu. Alioshe, na asilitie kwenye gari lake. Povu la zamani la kuzimia mafuta nalo lina PFAS, kemikali za kudhuru afya, asilichezee.

Mdogo wenu, Norfolk

Shikamooni. Naongezea tu, huku jeshi la majini kila baharia hufundishwa kuzima moto. Meli ya kivita ya kubeba ndege, Forrestal, iliungua 1967 wakafa watu 134. Bomu liliua karibu kikosi chote cha zimamoto dakika za mwanzo, waliobaki wengi hawakujua kazi, wengine wakawa wanaliosha kwa maji povu lililofunika moto. Baharini namba ya dharura ya 911 huna.

Shangazi wa Mafinga, Columbus

Kamwene. Mbona hamgusi uraia? Jeshini mwenye grinkadi anaweza kuomba uraia mapema, badala ya kusubiri miaka 5. Atafurahi. Lakini siku anaapa uraia wa Marekani, wa Tanzania umeondoka, na hadhi maalum ya diaspora si uraia. Kama kuna shamba la parachichi la babu lenye jina lake, familia ikae iongee kwanza.

Mama Tumpe, Dallas

Ndaga fijo, nyote. Nimemkalisha tukasoma karatasi mstari kwa mstari. Neno zimamoto halimo hata mara moja. Kanuna, kala kimya, kaenda kulala. Jumatatu tunarudi wote ile ofisi. Baba Ambakisye, ukiwa kazini simu unapokea? Dada nimemwambia asimamishe matangazo kwanza.