Naomba ushauri: kijana anayetaka kutoka kwenye genge, Kisauni

Ndugu zangu mnaoshughulika na vijana wa mitaani Mombasa, naomba ushauri.

Makundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao humpatia mtoto aliyekosa karo maskani: anapewa bangi, tembe za bugizi (dawa za usingizi zinazolevya) na wa kumtetea. Kisha anatumwa kupora simu. Mkubwa huiuza, mtoto huambulia hela ya chakula na deni la tembe. Mwenzao akikatwa panga, kisasi humshukia yeyote wa mtaa wa pili, na hapo hata waoga hujiunga ili wapate ulinzi. Wanasiasa nao huwakodi wakati wa kampeni, kura zikiisha huwatupa.

Shida kubwa ni wiki za mwanzo baada ya kutoka. Genge linamwita msaliti, majirani bado wanamwita mwizi, na sheria ya uhalifu wa kupangwa ya 2010 inaufanya uanachama wenyewe kuwa kosa, basi anaogopa kujisalimisha. Mnaanzia wapi: wazee wa Nyumba Kumi, wakili, au kumhamishia kwa jamaa mbali? Bugizi ikiachwa ghafla huweza kuleta degedege. Nani Mombasa humpunguzia dozi pole pole? Na fundi akikubali kumpokea ajifunze kazi, mnamsaidiaje asimfukuze kitu cha kwanza kikipotea?