Binti yangu alikuwa anasema Kireno vizuri, sasa anakiharibu. Niache Kiswahili?

BintiMikindani: Habari zenu wakuu. Naishi Pemba, ile ya Msumbiji, si ya karafuu. Mume wangu ni wa huku, anaongea Kireno na mtoto. Mimi Kiswahili tu. Binti ana miaka mitatu na nusu. Alipokuwa na miwili na kitu alikuwa anasema "eu fiz" (nilifanya), safi kabisa. Siku hizi ni "eu fazi". "Sei" (najua) imegeuka "sabo". Jana kaomba "dois pãos", muuza mikate akacheka, maana ni "pães". Wifi yangu anasema Kiswahili changu ndicho kinamvuruga. Nina mawazo jamani.

Kaka_Msafiri: Kipumzishe kwanza Kiswahili. Shule za huko ni Kireno, atakwama.

ChakiNyeupe: Dada, usiache! Mtoto harudi nyuma, ndiyo kwanza anakwenda mbele. Ile "fiz" aliikariri kama kasuku. Sasa ameshtukia kwamba comer (kula) inatoa "comi", beber (kunywa) inatoa "bebi", basi kwa hesabu zake fazer (kufanya) ikatoa "fazi". Hajaisikia kwa mtu mzima yeyote, kaitunga mwenyewe. Na "sabo" kaitoa hukohuko kwenye "como" (nakula) na "bebo" (nakunywa). Watoto wa Lisbon wasiojua hata neno moja la Kiswahili wanasema hivyohivyo.

Mkate ndio balaa. Mão (mkono) wingi wake mãos, pão ni pães, leão (simba) ni leões. Mwisho mmoja, wingi wa aina tatu! Wewe mwenyewe ungekosea.

Kwani wetu hawafanyi? Nani hajasikia mtoto akiita "kuja!" badala ya "njoo!"? Hapo tulimlaumu Mreno?

Msimkatize kwa "siyo hivyo". Akisema "fazi um bolo" (nilitengeneza keki), baba ajibu tu, "Ah, fizeste um bolo?" (ulitengeneza keki?) na maongezi yaendelee. Ila msitegemee wiki mbili, vitenzi vingine vitamsumbua hadi shuleni. Mimi ningehangaika kama angekuwa haelewi anachoambiwa kwa lugha zote mbili. Hapo ningempeleka akapimwe masikio.

Kaka_Msafiri: Mwalimu umenifunga mdomo. Nafuta kauli.

MamaJunior: Halafu meza, bendera, leso, mvinyo, vyote tulichukua kwao. Mtoto anapata maneno ya bure huku na huku 😄

BintiMikindani: Asanteni sana, nimelala usingizi. Leo asubuhi kaona mtoto wa paka uani, akapiga kelele: "Mama, kagatinho!" Sasa gatinho peke yake tayari ni kapaka, wao udogo wanauweka mkiani. Yeye kaongeza na "ka" yetu kichwani. Nimemrekodi nikamtumia wifi. Kasikiliza, hajajibu mpaka sasa.