Nimepandisha usukani, kebo na mpira wa breki havifiki: nipime vipi?

Buhongwa150:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na mnivumilie nikieleza kwa kirefu, maana pikipiki hii ndiyo inayolisha nyumba yangu.

Ni ya cc 150, breki ya mbele diski, ya nyuma dramu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, napiga Buhongwa–Sengerema kila siku. Zamani kivuko kilikuwa kinanipumzisha: unashuka, unanyoosha mgongo, unapata chai huku unasubiri. Sasa ni mwendo mmoja. Mimi ni mrefu, nikifika Sengerema kiuno kimekaza na viganja vina ganzi. Nikanunua usukani mrefu. Umepanda sentimita 15 kuliko wa zamani, na umerudi nyuma kwangu kama 8.

Aliyenifungia alilazimisha kebo zilezile. Akazichomoa kwenye kishikio cha pembeni ya taa, akazikatisha mbele ya shingo, akasema "zimefika hizo." Ukienda moja kwa moja huoni tatizo. Lakini juzi naingia stendi ya Nyegezi, nimebeba mama mmoja na mtoto wake mgongoni, nakata kushoto taratibu, injini ikapanda resi yenyewe. Mkono wangu ulikuwa umeachia kabisa! Nikakanyaga breki ya nyuma, tukasimama hatua mbili kutoka kwenye meza ya muuza ndizi. Yule mama hakusema neno. Alishuka, akakaza kanga ya mtoto, akanilipa nauli yote. Mpaka leo nikimkumbuka moyo unaniuma.

Nimeiegesha. Nikikata usukani mpaka mwisho, mpira wa breki ya mbele, ule unaopitisha mafuta ya breki, unakaza kama kamba ya nanga. Swali langu: niongeze sentimita 15 kila kebo, basi? Au kuna namna ya kupima? Na mpira wa breki unanunuliwa wapi mrefu?

Fundi_Igoma:
Ndugu, umefanya vizuri kuiegesha. Resi ikipanda kwenye kona maana yake ganda la kebo linavutwa, waya wa ndani unafungua kabureta bila wewe kugusa. Klachi nayo ikivutwa hivyo inateleza, utaunguza sahani zake kabla hujajua sababu.

Usiongeze 15 kwa kukisia. Usukani wako umepanda 15 na kurudi 8, kwa hiyo kishikio cha mkono kimehama sentimita 17 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo nyongeza kubwa unayoweza kuhitaji, na mara nyingi inahitajika pungufu kwa sababu kebo za kiwandani huwa na ziada kidogo. Ila kila kebo ina njia yake, kwa hiyo kila moja ipimwe peke yake.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gogo chini ya injini mpaka tairi la mbele lielee. Lazima lielee, kwa sababu shokapu zikinyooka kabisa ndipo mpira wa breki unapohitaji urefu wake wote. Ukipima tairi likiwa chini, siku utakayoruka tuta mpira utavutika. Kisha chukua waya wa umeme wa nyumbani, ule mmoja mgumu. Upitishe palepale kebo itakapopita, kuanzia kishikio hadi mwisho wake, kwa mikunjo mipana. Usukani ukate kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Upande unaodai urefu zaidi ndio kipimo chako. Ongeza sentimita 2 au 3, usizidishe. Kebo ndefu mno inakunjika, inakuwa nzito, au inalalia bomba la moshi na kuyeyuka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kebo ina vipimo viwili, ganda na waya wa ndani. Tuseme ganda lako la klachi ni sentimita 100 na waya wa ndani 112. Tofauti ni 12. Ukiongeza 15, ganda liwe 115 na waya 127. Ile 12 isibadilike, ndiyo inayofanya kazi. Nimeona mtu kaongezewa waya wa ndani tu, akazungusha kirekebishio mpaka nyuzi zikaisha, klachi haikati.

Nenda dukani na kebo yako ya zamani mkononi. Linganisha vichwa vya waya, kuna vya pipa na vya duara, na tofauti ya milimita moja inatosha kukikatalia kuingia.

Kirumba_Usiku:
Mkuu gharama ya nini yote hiyo. Mpira wa breki kata katikati, chomeka kipande cha paipu ya mafuta, funga klipu mbili. Waya wa klachi unaungwa kwa kuchomelea. Mimi natembea hivyo.

Fundi_Igoma:
Kaka wa Kirumba, nakuomba usitembee hivyo tena kesho. Tairi la mbele linabeba presha kama psi 25 hadi 30. Breki ukiikamata kwa nguvu, ndani ya mpira presha inapanda mpaka mamia. Klipu haiwezi kuzuia hapo, na itaachia siku unayoihitaji zaidi, maana ndiyo siku utakayokamata kwa nguvu. Paipu ya mafuta ya petroli nayo haikutengenezwa kwa mafuta ya breki. Na moto wa kuchomelea unalainisha nyuzi za waya, utakatika pembeni ya kiungo.

Buhongwa, mpira ununue mzima, ncha zake zimebanwa kwa mashine. Kila ncha ina bolti yenye tundu na washa (pete bapa) mbili za shaba, jumla nne, na zote ziwe mpya. Angalia maandishi kwenye kifuniko cha masta silinda, kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani, kama aina ya mafuta ni DOT 3 au DOT 4, ujaze hiyohiyo, kutoka kopo ambalo halijakaa wazi, kwa sababu mafuta hayo yananyonya unyevu. Yakidondokea tangi mwagia maji mara moja, yanakula rangi.

Kwenye kutoa upepo ndani ya mafuta ya breki, usukani mrefu una ukaidi wake. Hewa hupanda juu, inajificha kwenye ile bolti ya masta silinda. Ukishamaliza kule chini kwenye kalipa, ile inayobana diski, na kishikio cha breki bado kiko laini, zungushia kitambaa, kamata breki, legeza bolti ya juu robo mzunguko, kaza kabla hujaachia. Na masta silinda yenyewe ilale sawa, usukani mpya huwa unaiinamisha.

Nansio_kwa_maji:
Wabeja (asante) fundi. Mwanangu wa Buhongwa, mimi nina miaka mingi kwenye pikipiki huku Ukerewe. Umewahi kufikiria vile vipande vya kuinua usukani wa zamani sentimita 3 au 4? Mimi vilinitosha mgongo, na kebo zangu zilifika bila kubadilisha kitu. Pale darajani upepo wa ziwa una nguvu, na ukikaa wima sana kifua chako kinakuwa tanga.

Buhongwa150:
Shikamoo mzee wangu. Upepo nimeuhisi kweli, hasa jioni. Lakini kwa urefu wangu 4 hazitoshi, nimejaribu kwa rafiki.

Nirudishe majibu. Kwanza nilipima kwa uzi wa nyavu, nikapata namba tofauti kila mara kwa sababu nailoni inavutika. Nikachukua waya wa umeme kama fundi alivyosema. Klachi imedai nyongeza ya sentimita 14, resi 12, mpira wa breki 16. Nikaongeza 2 kila moja. Kebo ya klachi nimepata ya pikipiki nyingine, vichwa vinafanana. Ya resi nimetengenezewa. Mpira umekuja baada ya siku nne.

Kishikio cha breki kilikuwa laini kama sifongo mpaka nilipolegeza ile bolti ya juu. Vikatoka viputo vitatu vidogo, kikawa kigumu papo hapo.

Leo asubuhi nimewasha, nikaiacha sailensa, yaani ingurume bila kugusa resi, nikakata usukani kushoto na kulia mara kumi. Haikupanda. Nyaya za swichi za taa ndizo bado zinakaza kidogo upande wa kulia. Hizo naweza kuziunga?

Fundi_Igoma:
Hizo ziunge bila hofu. Unga kila waya sehemu yake, viungo visikutane pamoja, ziba kwa tepu vizuri. Halafu piga ile kona ya Nyegezi ukiwa peke yako kwanza.