Ushauri: Ryzen 5 5600G au Ryzen 5 5600, ipi ina kasi zaidi kwenye gemu?

Kiti Kirefu (mleta uzi): Wakuu, heshima kwenu. Nimekwama. Nina prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, nawaza niitoe niweke Ryzen 5 5600. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, zote zinafika GHz 4.4, zote W 65. Nimezipima kwa Cinebench R23 (programu ya kupima kasi ya prosesa), ubao mama uleule, RAM ileile, waya uleule wa HDMI, na zimekaribiana mno. Mbona basi watu wanasema 5600 ni bora? Naomba jibu moja: ipi?

Fundi Waya: Mkuu, Cinebench haiwezi kukuonyesha tofauti yao. Kazi yake hukatwa vipande vidogo ambavyo kiini kinavimaliza bila kuhangaika sana na kashe ya L3, yaani memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Na tofauti kubwa iko hapohapo: 5600 ina L3 ya MB 32, 5600G ina MB 16. Gemu hurukaruka kwenye data, na kisichoenea kwenye L3 kinafuatwa RAM huku kiini kikisubiri. Kadi ya grafiki ni ipi?

Shoka Butu: Kabla ya prosesa, angalia RAM. Vijiti viwe viwili, nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) kwenye BIOS, menyu ya ubao kabla kompyuta haijawaka. Usipoiwasha, RAM ya 3200 inaweza kutembea kwa 2133, halafu prosesa inalaumiwa bure.

Kiti Kirefu: Vijiti viwili vya GB 8, XMP iko juu. Kadi ipo, ila mimi nimeuliza prosesa.

Bi Takwimu: Kadi gani, na ubao gani? Bila hivyo viwili hakuna jibu.

Kiti Kirefu: RX 6500 XT, ubao B450. Kadi nimeshainunua, boksi sijalifungua. Inakula W 107 tu na pawasaplai yangu ni W 450. Skrini ni 1080p, memori ya kadi ya GB 4 inatosha. Ni kadi ya 2022, si ya kizamani.

Bi Takwimu: Tatizo lako ndilo hilo. Mdomo wa kadi hiyo ni mrefu kama wa nyingine, lakini data inapita kwa njia 4 tu za PCIe, mlango unaounganisha kadi na ubao. Kwa PCIe 4.0 hizo ni karibu GB 8 kwa sekunde. 5600G inaishia 3.0, kwa hiyo unabaki na karibu GB 4. Memori ya kadi ikijaa, vitu vya ramani vinaanza kuvutwa RAM kupitia mlango huo mwembamba, na gemu inakwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Wala usikimbilie 5600. Yenyewe ina PCIe 4.0, lakini B450 inaishia 3.0. Utapata kashe, mlango ubaki uleule. Ungehitaji ubao wa B550 au X570.

Kinasa: Kama unarekodi gemu, RX 6500 XT haina kisimbaji cha video, kile kinachobana video wakati wa kurekodi. Grafiki ya ndani ya 5600G inacho. Mimi ningeibakiza 5600G kwa hilo tu.

Shoka Butu: Kununua kwanza na kuuliza baadaye, hapo ndipo watu wanapoumia.

Njia Nne: Samahani wakuu, kuna jambo haliingii akilini. Kadi iko ndani ya boksi, na zote mbili zimepimwa kwa HDMI ileile. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani. Ukichomeka waya kwenye ubao, skrini inabaki nyeusi. Uliipimaje? Au uzi ni wa kutunga?

Fundi Waya: Kweli kabisa. Tuwekee picha ya CPU-Z, programu inayoonyesha prosesa iliyomo.

Kiti Kirefu: 5600 sijawahi kuishika. Namba zake nilizitoa kwenye video. 5600G ndiyo niliyopima mwenyewe. Niliona nikisema hivyo mngenirudisha nikapime kwanza. Samahanini.

Njia Nne: Basi huo ulinganisho ufute. Namba za mashine mbili zenye RAM, feni na draiva tofauti hazilinganishwi.

Bi Takwimu: Rudisha kadi kabla hujafungua boksi. Tafuta RX 6600: njia 8, GB 8, W 132. Njia 8 za PCIe 3.0 zinapitisha sawa na njia 4 za 4.0. Prosesa iache. Ukishaifunga kadi hiyo, fungua MSI Afterburner (programu inayoonyesha kadi inafanya kazi kiasi gani) ndani ya gemu. Kadi ikiwa inafanya kazi asilimia 97 na kuendelea, 5600 haikuongezei kitu. Ikiwa 70, na ukishusha ubora wa picha fremu hazipandi, hapo prosesa ndiyo inayobana na tutarudi kwenye swali lako.

Kiti Kirefu: Kadi narudisha kesho. Kwenye pawasaplai nimeona waya wenye pini 6 na nyingine 2 pembeni. Zikiungana ndiyo 8 za kadi, sivyo?

Bi Takwimu: Ndiyo. Zishike pamoja, sukuma hadi klipu ilie. Ule wa 4 na 4 ulioandikwa CPU usiuguse: nao una pini 8, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume.