Kichanga wa siku 9, matiti yamevimba na yanatoa maziwa: yakamuliwe?

mhudumu_ngazi_ya_jamii
Habari zenu. Mtoto wa kike, siku 9, alitimiza miezi yake, ananyonya vizuri, hana homa. Matiti yote mawili yamevimba kama mbegu ya ubuyu na yanatoa maji meupe. Nepi ya juzi ilikuwa na matone ya damu. Bibi anataka kuyakanda kwa maji ya moto na kuyakamua. Mama anaogopa ni homoni za maziwa yake, anataka kuacha kunyonyesha. Nimwambieje?

mkunga_wa_zamu
Dada, aendelee kunyonyesha. Homoni zilizofanya hivyo zilipitia kondo la nyuma kabla mtoto hajazaliwa. Miezi ya mwisho estrojeni (homoni ya kike) ya mama hujenga titi la mtoto, awe wa kike au wa kiume. Akishazaliwa, estrojeni inashuka ghafla, na prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) ya mtoto mwenyewe inapata nafasi ya kutoa maziwa. Damu nayo sababu ni hiyo hiyo: ukuta wa ndani wa mji wa mimba wa mtoto ulionenepa kwa estrojeni unabanduka. Ni matone tu, huisha kwa siku chache.

Bibi asikamue kabisa. Kila ukiminya, titi linachochewa litoe zaidi, kwa hiyo halikauki. Pia unapitisha bakteria wa kwenye ngozi hadi ndani, linakuwa jipu. Jipu likiharibu kiini cha titi, binti anaweza kukua na titi moja dogo. Mweleze kwa heshima: “Bibi, tukikamua yatazidi kujaa, tukiyaacha yatanywea.”

muuguzi_watoto
Naongeza namna ya kukagua. Nawa mikono, gusa kwa mgongo wa kidole. La kawaida ni laini, rangi ni ile ile ya ngozi, mtoto halii. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu, ndipo wengi wanapochelewa. Tafuta joto, ugumu, ngozi inayong'aa, upande mmoja kuzidi mwingine, usaha. Hayo, au kwapani nyuzi 37.5 na kuendelea, au kukataa titi: hospitali siku hiyo hiyo, maana kichanga huyu anahitaji dawa za sindano.

Damu ikitoka kitovuni, puani au kwenye kinyesi, hiyo siyo ya homoni. Mpeleke haraka, na uangalie kadi kama alichomwa vitamini K, inayosaidia damu kuganda, alipozaliwa.

Asifungwe kitambaa kifuani wala kupakwa poda. Uvimbe huchukua wiki kadhaa, wengine miezi.

mkunga_wa_zamu
Mama akitaka kujua maziwa yake yana homoni gani, mpe mfano wa melatonini, homoni ya usingizi. Maziwa ya usiku yanayo, ya mchana karibu hayana, na kichanga bado hatengenezi yake kwa mpangilio wa usiku na mchana. Anayekamua na kuhifadhi aandike saa kwenye chombo, ya usiku ampe usiku. Yakichanganyika, asiyamwage.